Kinywaji cha ndizi kirudi mezani, kikae na chakula

Kila siku ya gulio, kuanzia Murukulazo na kata jirani za Ngara hadi vituo vya barabarani vya Biharamulo, mkoani Kagera, naliona jambo lilelile. Upande mmoja kuna kilabu cha pombe: mabenchi, dumu la njano, vikombe vya plastiki, na wanaume waliokaa tangu saa nane mchana bila sahani hata moja mbele yao. Hatua chache kutoka hapo mama lishe ameivisha ndizi na maharage, lakini hana pa kumkalisha mteja zaidi ya benchi moja chini ya turubai. Mtu anakula upesi, anafuta mdomo, anaondoka. Penye kinywaji hapana chakula, na penye chakula hapana pa kukaa.

Nimefikia mahali pa kusema wazi kwamba utengano huu unatugharimu, na wanaolipa zaidi ni wake na watoto wetu. Ngara na Biharamulo zinahitaji nyumba ndogo za kula na kunywa: meza chache, sakafu safi, chakula cha hapa kilichopikwa siku hiyohiyo, na kinywaji cha ndizi kinachopimwa kwenye bilauri na kuletwa pamoja na chakula. Mahali ambapo baba anaweza kukaa na mkewe, mwalimu akamleta mgeni wake, na asiyekunywa kabisa asijione amepotea njia. Hiyo si anasa ya watu wa mjini. Ni njia ya kuokoa mshahara, mavuno na amani ya nyumba.

Wanachouza wenzetu

Vijana wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam au Nairobi wakirudi likizo husimulia migahawa midogo iliyoenea Masaki na Westlands, ile inayopika kwa mtindo wa nchi za Bahari ya Mediterania. Taa hafifu, viti vya watu wachache, rafu ya mvinyo ukutani, vyakula vinavyoletwa katika visahani vidogo ili meza nzima ishirikiane. Bei yake humfanya mtu wa kijijini ashike kichwa.

Lakini tuangalie kilichomo ndani ya visahani hivyo. Kuna dengu zilizochemshwa na kusagwa pamoja na ufuta. Kuna zeituni zilizolowekwa kwenye chumvi, biringanya zilizochomwa motoni, jibini ya mbuzi, mkate, samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu. Chakula cha namna hiyo ni cha wakulima na wavuvi wa nchi kama Ugiriki, Italia, Hispania na Moroko, watu waliokula kile shamba lilichotoa msimu ule na nyama pale ilipopatikana. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza ulaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la nchi hizo nne, na mwaka 2013 zikaongezwa Ureno, Kroatia na Kupro. Kilichotambuliwa hapo hakikuwa vyakula peke yake. Kilikuwa pia desturi ya kuketi pamoja, kula taratibu na kuzungumza.

Hata mvinyo wao haukuanzia kwenye bilauri ndefu. Kwa karne nyingi Italia ilikuwa na nyumba za pombe zilizouza mvinyo tu, na mteja alikuja na mkate na nyama yake mfukoni. Katika mji wa Bologna bado ipo moja, Osteria del Sole, iliyoanza mwaka 1465, na hadi leo inauza kinywaji huku wateja wakija na chakula chao. Nyingine nyingi ziliongeza jiko kidogokidogo, mama mwenye nyumba akapika sufuria moja au mbili, na kutoka hapo ikazaliwa migahawa ambayo leo watu wanapanda ndege kuifuata.

Basi wenzetu nao walianza na kilabu. Tofauti ni kwamba walileta sufuria karibu na pipa. Je, sisi tunashindwa nini?

Mgomba una kila kitu

Anayedhani kinywaji cha ndizi ni kitu cha ovyo hajawahi kusimama karibu kikitengenezwa. Ndizi za pombe zilizokomaa hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba, likapashwa moto, kisha likafunikwa kwa udongo kwa siku kadhaa mpaka zinaiva zote kwa pamoja. Zikitoka hapo maganda yamekuwa ya njano iliyokoza na harufu imejaa uwanja. Humenywa, zikawekwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, zikachanganywa na majani makavu na kukamuliwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu. Majani hayo hushika nyama ya ndizi na kuiachia juisi ishuke. Anayekamua anajua kwa mguso saa ya kuongeza maji na saa ya kuacha. Akizidisha maji, kinywaji kimeharibika kabla hakijaanza.

Juisi ya kwanza ni tamu na haina kilevi, na watoto huifurahia. Inayobaki hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa ichachuke siku moja au mbili. Hapo ndipo tunapata urwagwa wa Ngara, ndugu wa ule wa Burundi na Rwanda, na ndugu wa rubisi ya Wahaya. Kuna uchaguzi wa zao, muda wa kuivisha, kipimo cha maji, ubora wa mtama na usafi wa chombo. Mtengenezaji wa mvinyo wa Sicilia akikaa na mzee wa Kihangaza wa hapa Ngara, watazungumza lugha moja ya kazi.

Na chakula cha kukaa karibu nacho kipo. Ndizi za kupika na maharage. Ugali wa muhogo na kisamvu. Mshikaki wa mbuzi na ndizi iliyochomwa kwenye mkaa uleule. Samaki wa ziwani. Parachichi zinazoanguka chini ya miti mpaka zinaliwa na mbuzi. Uyoga wakati wa mvua, senene msimu wao ukifika, asali ya misitu ya Biharamulo. Mpishi mwenye akili akipanga visahani vitano vya namna hiyo juu ya meza moja, nani atamwambia mgeni kwamba amekula vibaya?

Kunywa bila kula

Waswahili walisema pombe si chai, wakimaanisha iheshimiwe. Kuiheshimu kunaanzia tumboni. Tumbo lenye chakula huchelewesha kilevi kuingia kwenye damu, na tumbo tupu hukipitisha haraka. Mtu anayekunywa tangu mchana bila kula amelewa kabla hajajua amekunywa kiasi gani, na akishalewa hana tena wa kumwambia inatosha. Kilabu kisicho na jiko kina faida moja tu ya kutafuta: mteja aendelee kunywa. Mgahawa una faida mbili, na ile ya chakula haimwangushi mtu njiani.

Fikirini nyumba ya kawaida katika kilima chochote cha Ngara. Baba ameuza mikungu minne ya ndizi asubuhi. Mama amebaki akitegemea chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Kati ya gulio na nyumbani kuna kilabu, na ndani ya kilabu hakuna nafasi ya mke, hakuna nafasi ya mtoto, hakuna hata mahali pa kumsubiri. Hela inaingia pale mchana na baba anarudi usiku na njaa, akidai chakula ambacho hakikununuliwa. Kelele zinazofuata kila jirani anazijua, ingawa kesho yake hatuzitaji.

Sasa weka meza badala ya benchi. Baba huyohuyo ameagiza sahani ya ndizi na mbuzi na bilauri mbili za urwagwa. Mkewe amekaa mbele yake na juisi ya ndizi. Hela iliyotoka imeingia tumboni mwa watu wawili, na wamejadili ada ya mtoto wakiwa wanatazamana. Sidai kwamba meza inatibu ulevi. Nadai kwamba meza humrudisha mwanamke mahali pa kunywea, na akiwapo mwanamke, mambo mengi yasiyosemeka husita.

Tumejaribu njia ya kukataza. Tangu Sheria ya Moshi, yaani pombe ya kukenekwa, ya mwaka 1966 na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, dola imekuwa ikitoa leseni na kukamata. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, na nilifurahi, kwa sababu kiroba kilikuwa kileo kinachoingia mfuko wa shati wa mwanafunzi. Gongo imekatazwa tangu zamani, lakini bado inapikwa mabondeni usiku, na mnywaji hajui kilichomo. Marufuku hufunga mlango mmoja. Mtu anayetaka kukaa na wenzake jioni bado anatafuta pa kwenda, na kama hatujampa mahali palipo safi, palipo wazi na palipo na chakula, ataingia pale palipo gizani.

Somo la Dodoma

Wapo watakaosema Mtanzania hawezi kukithamini kinywaji cha shamba lake. Dodoma inawajibu, na inatuonya pia.

Zabibu zilifika huko kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki waliozipanda Bihawana katikati ya karne iliyopita. Ardhi kame ya Ugogo ikageuka kuwa neema, kwa sababu mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati mwenzake wa Italia au Ufaransa anavuna mara moja. Leo yapo mashamba ya Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na Makutupora, vipo viwanda, na chupa za mvinyo wa Dodoma zinakaa rafu moja na za Afrika Kusini. Serikali nayo imekuwa ikitoza mvinyo wenye zabibu nyingi za nyumbani ushuru mdogo kuliko unaotoka nje.

Hata hivyo, misimu kadhaa tumewasikia wakulima wa huko wakilia zabibu zikiozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Kwa nini? Kiwanda kina kikomo cha matangi, na chupa haijinywi yenyewe. Mvinyo unakwenda pale unapokaribishwa, nao hukaribishwa mezani. Kama hoteli na migahawa yetu haimpi mteja mvinyo wa Dodoma kwa bilauri moja pamoja na chakula chake, kama harusi zetu zinaona fahari ya chupa ya ng'ambo, mkulima atavuna mara mbili na kulia mara mbili.

Arusha imeonyesha upande mwingine. Kampuni ya Banana Investments ilichukua ndizi zilezile ambazo mlimani zingeishia kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, ikatengeneza mvinyo wa ndizi, ikaufunga katika chupa na kuusambaza. Mvinyo wao uitwao Raha unajulikana hadi mikoa ya mbali. Kama ndizi ya Arusha imepata chupa na lebo, ya Kagera ina kosa gani? Mkataa kwao ni mtumwa, na sisi tumezikataa ndizi zetu mbele ya wageni kwa muda mrefu mno.

Jambo hili linagusa hata afya ya shamba. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioonekana Muleba mwaka 2006 ulienea na kuangamiza migomba mingi Kagera, na ndizi za pombe ziliumia vibaya. Kuuzuia kunadai kazi ya mkono: kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kung'oa shina lililoambukizwa lote. Mkulima ambaye mkungu wake hauna bei atafanya kazi hiyo kwa moyo gani? Bei nzuri ya ndizi ni dawa ya shamba, kwa sababu huleta mikono shambani.

Wageni wako njiani

Kuna anayeuliza: nani atakula katika mgahawa wa meza nane huko Ngara? Nami namjibu kwa kumwonyesha barabara. Malori ya ukanda wa kati yanapita Nyakanazi, Lusahunga na Benaco mchana na usiku kuelekea Rusumo, na mengine Kabanga kwenda Burundi. Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpaka Rusumo. Kando yake umejengwa mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba wa nikeli ya Kabanga na kuchukua asilimia 16 ya hisa za Tembo Nickel. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilitangazwa mwaka 2019. Dereva, mhandisi, mfanyabiashara wa Kigali na mtalii wote wana njaa.

Leo tunawapa nini? Chipsi mayai, soda, na bia iliyosafiri mamia ya kilomita kutoka kiwandani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji anaponaje kama kila kilicho mezani kimenunuliwa mbali? Shilingi ya chipsi inakwenda kwa mwenye mafuta ya kupikia, na ya bia inakwenda kiwandani. Shilingi ya ndizi, mbuzi, parachichi na urwagwa inabaki kilimani, ikazunguka kwa mwenye shamba, mkamuaji, mchoma nyama na mama jikoni.

Zanzibar wameshalifanya hili bila kungoja. Juu ya paa la hoteli ya Emerson on Hurumzi, katika Mji Mkongwe, mgeni huketi chini kwenye mazulia na mito, akala chakula cha kwao huku jua likizama, na nafasi zenyewe huagizwa mapema. Walichouza ni ukaribu na uhakika wa kwamba chakula hiki hakipatikani kwingine. Chema chajiuza, ila kwanza kiwekwe mahali pa kuonekana.

Kwa wasiokunywa

Najua ninaandika katika nchi ya waumini. Ngara ina jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara na dayosisi ya Anglikana yenye makao Murgwanza, ina misikiti, ina makanisa ambayo kwa imani yao kileo ni mwiko. Sitaki mtu yeyote asukumwe kunywa. Ndiyo maana nasisitiza mgahawa kwanza, kinywaji kikiwa mfuasi wake. Juisi ya ndizi iwe ya kwanza katika orodha, na kahawa ya Kagera ifuate. Asiyekunywa ndiye nguzo ya nyumba kama hiyo, kwa sababu uwepo wake unaifanya iwe ya familia. Kilabu cha leo kimemfukuza kabisa, na huko ndiko kulikoharibika.

Pa kuanzia

Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi hukopa kwa ajili ya bodaboda, kuku na maduka yanayofanana. Naomba kikundi kimoja cha wanawake katika kila tarafa kipewe nafasi ya kufungua mgahawa wa namna hii, na maofisa biashara wawasaidie kupata leseni badala ya kuwazungusha. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iwafundishe kuchemsha maji, kuchuja na kufunga chupa. TBS, shirika la viwango, iwakaribie wakamuaji wa vijijini kama walimu kabla ya kuwaendea kama wakaguzi, ili siku moja urwagwa wa Ngara upate lebo inayotaja kijiji na mwezi uliokamuliwa.

Na nyumba yenyewe iwe na masharti matatu yasiyojadiliwa. Kinywaji kiuzwe na chakula, au baada ya chakula, kamwe si badala yake. Kipimo kiwe bilauri, na mwenye nyumba awe na ruhusa ya kusema basi. Mtoto wa shule asiuziwe wala kutumwa. Mama anayesimamia jiko lake anaweza kuyatekeleza haya vizuri kuliko askari anayefika mara moja kwa mwezi.

Mtaji wa jambo hili ni mdogo kuliko tunavyodhani: chumba, meza, maji safi, jiko linalofanya kazi, na mkono unaojua kukamua ndizi. Vyote hivyo Murukulazo vipo. Kinachosubiriwa ni uamuzi wetu wa kukaa meza moja na wake zetu na kula tulichokipanda wenyewe. Kizuri kula na nduguyo, na ndugu wa kwanza ni yule uliyemwacha nyumbani ulipokwenda kunywa.